Vasco da Gama Alipewa Lifti

Shuleni tuliambiwa Vasco da Gama "aligundua" njia ya kwenda India. Mimi nasema alipewa lifti. Aprili 1498, mfalme wa Malindi alimpa rubani aliyeijua bahari. Kusi ilikuwa inaanza. Upepo na mkondo vyote vikielekea kaskazini-mashariki. Siku 23 hivi, wakafika.

Kurudi je? Aliondoka India mwanzo wa Oktoba, Kaskazi haijaingia. Akakaa baharini miezi 3, watu kama 30 wakafa, wengi kwa kiseyeye. Waliobaki walikuwa wachache, wakachoma merikebu moja.

Bahari ilikuwa ile ile, wasee. Watu wa Pwani walijua karne nyingi kabla yake: Kaskazi huleta majahazi, Kusi huyarudisha. Sasa mbona jina lake tu ndilo tunakariri?