Chumbe: Kisiwa kilichogeuzwa darasa la bahari

Kisiwa kidogo kilicho kusini magharibi mwa mji wa Zanzibar kimewafundisha maelfu ya wanafunzi habari za viumbe wa baharini. Historia yake inaonesha ni kwa muda gani elimu ya bahari ilibakia mikononi mwa wataalamu kabla ya kuwafikia watoto wa wavuvi.

Hakuna Mzanzibari asiyelifahamu tumbawe. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe yake, na chokaa iliyozipaka ilipatikana kwa kuyachoma. Lakini kwa wengi tumbawe lilikuwa jiwe tu. Kwamba ni kiumbe hai, kinachokula, kinachozaana na kinachoweza kufa, ni jambo ambalo mtoto wa kisiwani angeweza kumaliza shule bila ya kufundishwa.

Si kwamba elimu hiyo haikuwepo. Tangu enzi za ukoloni Zanzibar ilikuwa makao ya Shirika la Utafiti wa Uvuvi wa Baharini la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha mjini Zanzibar Taasisi yake ya Sayansi za Bahari. Hapo Watanzania wamesomea ikolojia ya miamba, mikoko na nyasi za baharini. Hata hivyo, matokeo ya utafiti yaliandikwa zaidi kwa Kiingereza, yakasomwa na wataalamu wenyewe kwa wenyewe.

Pengo hilo lilikuwa na gharama yake. Katika sehemu nyingi za mwambao wa Tanzania miamba ilivunjwa kwa baruti, kwa nanga, na kwa uvuvi wa kigumi, ambapo matumbawe hupigwa kwa miti ili samaki wakimbilie wavuni. Mvuvi alijua vyema kwamba samaki hukaa mwambani. Asichoelezwa ni kwamba mwamba wenyewe hukua polepole mno, na kwamba baadhi ya matumbawe huongezeka kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka.

Chumbe, chenye ukubwa wa hekta 22 hivi, kilinusurika kwa bahati. Kiko kando ya njia ya meli ziendazo Dar es Salaam, zinazoongozwa na mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, na eneo hilo lilikuwa chini ya uangalizi wa jeshi. Mwaka 1991 Bibi Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyewahi kufanya kazi za maendeleo nchini Tanzania, alianza juhudi za kukihifadhi. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza mwamba wa magharibi ya kisiwa kuwa hifadhi isiyovuliwa, na usimamizi wake ukakabidhiwa kampuni binafsi, jambo lililokuwa geni wakati huo. Mapato ya watalii, ambao nyumba zao saba zilifunguliwa mwaka 1998, ndiyo yanayogharimia ziara za wanafunzi.

Walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawakupewa silaha. Walifundishwa kuzitambua aina za matumbawe na kuandika kumbukumbu za kila siku, kisha wakatakiwa kuwazuia wavuvi wenzao kwa maneno matupu. Hivyo walimu wa mwanzo wa Chumbe walikuwa watu walioijua bahari kwa jasho lao, na ambao wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa ndugu na majirani.

Baadaye zikaja shule. Wanafunzi na walimu wao huvuka kwa mashua, husomeshwa katika nyumba ya zamani ya mtunza taa, halafu huingia majini wakiwa na miwani na maboya. Kwa wasichana hatua hiyo ilikuwa kubwa zaidi, kwani wengi wao hawakuwahi kufundishwa kuogelea. Wakati huo huo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani walikuwa wakija Zanzibar, kupitia shirika la elimu la SIT, kusoma muhula mzima wa ikolojia ya pwani. Mgeni alikata bahari mbili kuja kuutazama mwamba ambao msichana aliyekulia karibu na ufukwe alikuwa hajapata kuuona.

Mwaka 1998 joto la bahari lililoambatana na El Niño liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi. Chumbe nacho kiliguswa, na mwaka 2016 kikaguswa tena. Wanafunzi wakapata somo jingine: mlinzi aweza kuizuia nyavu, lakini hawezi kulizuia joto. Mwaka 2000 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, liliitambua kazi ya Chumbe kwa tuzo yake ya Global 500.

Mwaka 2020, watalii walipokatika duniani kote kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ulidhihirika pia udhaifu wa elimu inayolipiwa na wageni. Mashua moja haiwezi kuwabeba watoto wote wa Unguja na Pemba. Kwa walio wengi, tumbawe litajulikana kuwa kiumbe hai pale tu litakapofundishwa hivyo katika darasa lao wenyewe, kijijini kwao, na mwalimu aliyewahi kuuona mwamba kwa macho yake.