Fahamu Kipimo cha Vinasaba Kinachobaini Kasoro ya Saratani ya Jicho kwa Watoto

Mng'ao mweupe ndani ya mboni ya jicho la mtoto, ambao aghalabu huonekana kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera, ni dalili kuu ya retinoblastoma. Saratani hiyo ya jicho huwapata zaidi watoto wenye umri chini ya miaka 5. Makengeza yanayojitokeza baadaye nayo yanapaswa kuchunguzwa.

Chanzo chake kwa kawaida ni hitilafu katika jeni iitwayo RB1, iliyopo kwenye kromosomu ya 13. Jeni hiyo huzuia seli kugawanyika bila mpangilio. Kila seli ina nakala 2, moja kutoka kwa kila mzazi. Mwaka 1971, mtafiti wa Marekani, Alfred Knudson, alieleza kuwa ugonjwa huu hutokea baada ya mapigo mawili, yaani nakala zote 2 zinapoharibika. Mtoto aliyezaliwa na nakala moja mbovu amekwisha kupata pigo la kwanza.

Kasoro hiyo huweza kubainishwa kwa vipande vya DNA vilivyotiwa rangi inayong'aa. Seli za damu huwekwa kwenye kioo na kupashwa joto ili nyuzi za DNA ziachane, kisha kipande kinacholingana na RB1 hujishikiza mahali pake. Chini ya hadubini maalumu, seli yenye nakala zote huonesha nukta 2. Nukta 1 huashiria kuwa nakala moja imepotea.

Hata hivyo, kipimo hiki huona upotevu mkubwa pekee. Makosa madogo, ambayo ndiyo mengi katika RB1, huhitaji mpangilio wa jeni usomwe. Hivyo, majibu yasiyoonesha kasoro hayaondoi uwezekano wa kurithi.

Kasoro ikibainika kwenye damu, ndugu wa mtoto huchunguzwa macho mapema, naye akikua, kila mtoto atakayemzaa atakuwa na uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi.

Mkazi wa Tabata anayeona dalili hizo anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu, ili mtoto apewe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Amana au Hospitali ya Taifa Muhimbili. Tiba haisubiri majibu ya vinasaba: uvimbe ukigundulika ungali ndani ya jicho, uwezekano wa kuokoa maisha ya mtoto ni mkubwa.