Kutoka dinamo mpaka alternateri: historia fupi ya kosa langu moja kwenye barabara ya Kibumba



Mwezi wa kumi 2021, miezi mitano kisha Nyiragongo kulipuka, niliharibu gari ya baba mdogo wangu kwa mikono yangu mwenyewe. Ilikuwa Land Rover Series III ya petroli, ya zamani kuliko mimi. Asubuhi hiyo ilibeba mashu ya wamama watano wa Kibumba, tukishuka nayo Goma mbele ya jua kutoka. Kufika Kanyamahoro, taa zikaanza kufifia. Moteri ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Tulifika soko ya Virunga saa nane za mchana, wakati bei ilikuwa imekwisha kuanguka. Mama mmoja alikuwa amehesabu mashu yale kwa minervali ya mtoto wake. Hakunitukana. Aliuliza tu: « Sasa tutafanya je, agronome? » Deni lile nililipa kwa miezi mitatu.

Nilikuwa nimefanya nini? Siku mbili mbele, batri ilikuwa inachoka asubuhi. Fundi mmoja alikuwa amenifundisha kipimo cha haraka: washa moteri, kisha toa waya ya batri. Moteri ikizimika, mashine ya kuchaji imekufa. Ikiendelea, iko muzima. Nilitoa waya. Taa ziling'aa sana, moteri ikaendelea kuzunguka. Nikasema iko sawa, nikarudisha waya. Kumbe ni pale pale niliiua.

Ili kuelewa kosa hilo, inaomba turudi nyuma kidogo.

Magari ya kwanza yaliwashwa kwa manivela, mtu anazungusha chuma kwa mkono, na wengi walivunjika mikono. Mwaka 1912, kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa gari yenye kuwashwa na umeme, kazi ya injinia Charles Kettering. Lakini moteri ndogo ya kuwashia inakula umeme mwingi wa batri, na batri ikitoa lazima irudishiwe. Ndiyo sababu dinamo ikawa kitu cha lazima ndani ya gari, na ikatawala kwa miaka karibu makumi tano.

Dinamo ilikuwa na uzuri wake: shaba, makaa, na regulateri ya chuma ambayo fundi aliweza kuifungua na kuirekebisha. Ubaya wake ni kwamba moteri ikizunguka polepole, inatoa umeme kidogo sana. Fikiria gari inapanda kutoka Munigi kwenda Kibumba usiku, imejaa mzigo, ukungu, taa zote zimewaka. Dinamo inatoa kidogo, taa zinakula kingi, na tofauti inalipwa na batri.

Alternateri ilileta dawa ya shida hiyo. Inachaji hata moteri ikizunguka taratibu. Lakini umeme wake unazaliwa ukienda na kurudi, na batri haiwezi kuupokea vile. Inaomba diodi, kipande kidogo cha silisiamu kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Diodi zilipopatikana kwa bei nafuu, Chrysler iliiweka alternateri kwenye gari yake Valiant mwaka 1960. Kwa Land Rover, ni Series III, iliyotoka mwaka 1971, ndiyo iliacha dinamo na kuchukua alternateri.

Sasa ona vile kosa langu lilizaliwa. Kile kipimo cha kutoa waya kilitoka kwenye wakati wa dinamo. Dinamo haina diodi, basi mara nyingi ilivumilia. Kwa alternateri, batri ndiyo inameza mawimbi ya umeme. Ukiitoa moteri ikizunguka, volti zinapanda kwa ghafula na kuchoma diodi na regulateri. Zile taa zilizong'aa sana, mimi niliziona kama habari njema, na kumbe zilikuwa zinalia. Mashine zilibadilika, lakini desturi ya mikono haikubadilika. Yule aliyenifundisha alifundishwa na mwingine, na yule na mwingine, na hakuna aliyepokea sababu pamoja na kipimo.

Muzee mmoja fundi wa Majengo ndiye alitutengenezea. Aliweka alternateri ya okazioni, akawasha, akapima. Kipimo kilionyesha 12,9 tu. Nikamwambia: « Muzee, na hii pia imekufa. » Akacheka. « Weye muagronome, unatiaka mbolea mbele ya kupima udongo? » Akanifundisha kwa mpango.

Kwanza, moteri ikiwa imezimwa na gari imepumzika, batri nzima ya volti 12 inaonyesha karibu 12,6. Moteri ikizunguka, inafaa kupanda kati ya 13,8 na 14,4. Isipopanda, usinunue kitu bado. Angalia mkanda kama umelegea. Angalia vichwa vya batri kama vimeota ule unga mweupe. Angalia ampuli nyekundu ya dashibodi: ukigeuza ufunguo inafaa kuwaka, moteri ikiwaka inafaa kuzimika. Kwa alternateri nyingi za zamani, umeme wa kuianzisha unapita ndani ya ampuli hiyo. Ikiungua, kitu kidogo hivyo, gari inaweza kukataa kuchaji.

Mwisho, akapima kati ya mwili wa alternateri na upande hasi wa batri, moteri ikizunguka. Pale pangefaa kuwa karibu sifuri. Palikuwa zaidi ya volti moja. Waya ya masi, ile inayounga batri na mwili wa gari, ilikuwa imeoza na kutu. Akaifungua, akaisugua na papuru ya msasa, akaikaza. Kipimo kikapanda 14,1.

Ndugu zangu, shida ya kwanza kabisa ilikuwa kutu. Dakika kumi na msasa. Alternateri ya kwanza haikuwa na kosa. Niliiua mimi nikiipima.

Wengi wanasema historia ni ya wafalme na vita, na sisi wa Kibumba tunayo hiyo kwa wingi. Mwaka 1994 wakimbizi walijaa hapa kwetu juu ya mawe ya volkano, mahali pasipo na mto, na maji yakapandishwa kwa malori kutoka Goma. Kwa barabara hii, gari inayokufa njiani si hasara ya mwenye gari peke yake. Ni maji, ni mgonjwa, ni minervali ya mtoto wa mtu.

Ndiyo maana nasema historia ya kifaa ni sehemu ya kukitengeneza. Mtu akikufundisha kipimo, muulize kilizaliwa kwa mashine gani na kwa sababu gani. Hata shambani ni hivyo: tunapiga dawa kwenye viazi siku ile ile walipiga wazee, bila kuangalia mvua ya mwaka huu.

Yule mama nilimaliza kumlipa mwezi wa kwanza 2022. Siku hizi kipimo cha volti kinakaa ndani ya mfuko wangu, pamoja na kipande cha msasa.