Utulivu wa Amu na Bomba la Juba: Historia ya Kisiwa cha Mapumziko

Kwa msomaji wa nyaraka za mipango mjini Juba, Lamu ni bandari. Jina lake ndilo linaloanza katika kifupisho LAPSSET, mradi wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta unaokusudiwa kuziunganisha Sudan Kusini na Ethiopia na Bahari ya Hindi. Kwa msafiri atokaye Ulaya au Nairobi, Lamu ni kisiwa: pana punda badala ya magari, pana vichochoro, majahazi na mchanga mweupe, na mtu hulipa fedha nyingi ili asisikie chochote. Maana hizi mbili husomwa na watu tofauti katika hati tofauti, na aghalabu hazikutani. Hata hivyo zina asili moja. Utulivu unaouzwa Lamu ni zao la bandari iliyofifia, na hatima yake leo imefungamana na bandari mpya, inayojengwa kwa ajili ya nchi ambayo wenyeji wengi wa Amu hawajapata kuiona.

Lugha ni mahali pazuri pa kuanzia. Kiswahili kilikuwa na msamiati wa mapumziko muda mrefu kabla ya hoteli. Mtu alikwenda ufukweni kupunga upepo. Alasiri alibarizi, yaani alikaa barazani na wenzake kwa mazungumzo. Kitenzi kutalii, chenye asili ya Kiarabu, kilibeba maana ya kusoma na kuchunguza jambo kwa makini kabla hakijafungiwa katika safari za starehe. Katika maneno haya mapumziko ni kitendo cha watu wengi: hakuna anayebarizi peke yake. Utulivu wa vipeperushi vya utalii ni wa namna nyingine, kwani humwahidi mgeni ufuko usio na mtu. Hoteli mashuhuri zaidi ya Shela, iliyofunguliwa mwaka 1967, iliitwa Peponi, na jina hilo lina utani ndani yake. Sikio la Mswahili husikia humo upepo wa kusi na kaskazi, kisha husikia makao ya watu wema katika Akhera. Huko mtu huingia baada ya kutoa hesabu. Hapa hesabu huletwa siku ya kuondoka.

Amu ya karne ya 19 haikuwa kimya hata kidogo. Mwanzoni mwa karne hiyo watu wake waliyashinda majeshi ya Pate na Mombasa katika vita vya Shela, kwenye ufuko uleule ambao leo husifiwa kwa urefu wake wa takriban kilomita 12. Ushindi huo ulifuatwa na uhusiano wa karibu na Maoman wa Zanzibar, na biashara ikastawi: pembe za ndovu, boriti za mikoko zilizopelekwa Uarabuni, ufuta na mtama kutoka mashamba ya bara. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Ndiyo maana mkataba wa mwaka 1873, ambao Sultani Barghash aliutia saini kuzuia biashara ya watumwa baharini, uliitikisa Lamu kuliko miji mingi. Baadaye Wajerumani walijaribu kujenga himaya yao Witu, wakaiachia Uingereza mwaka 1890. Pigo kubwa zaidi lilikuja bila risasi. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 ilianzia Mombasa, ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na mizigo ikaifuata. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907, wenye mashamba wa Lamu walibaki na majumba ya mawe, milango ya nakshi na kipato kidogo.

Hali hii si ya Lamu peke yake. Katika bahari ya Karibi, kisiwa cha Nevis kilikuwa miongoni mwa makoloni tajiri ya Uingereza katika karne ya 18 kwa sukari iliyozalishwa na watumwa kutoka Afrika. Hoteli ya Bath ilijengwa huko mwaka 1778 kwa ajili ya matajiri waliofuata chemchemi za maji moto. Sukari ilipoanguka, kisiwa kilinyamaza, na baadhi ya nyumba za wenye mashamba ya miwa zikageuzwa hoteli ndogo ambazo leo husifiwa kwa ukimya wake. Mgeni wa Nevis na mgeni wa Lamu hudhani kwamba wamefika mahali ambapo historia haijagusa. Ukweli ni kinyume: wamefika mahali ambapo historia ilipita kwa kishindo, ikaondoka na fedha.

Lamu iliongezewa ukimya wa pili, usiotajwa sana. Kati ya miaka 1963 na 1967 vita vya shifta viliwafukuza Wabajuni kutoka vijiji vyao vya bara, na wengi hawakurudi. Pwani iliyo mkabala na visiwa ikawa tupu kiasi cha kumpendeza mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu na mikoba ya mgongoni walifika, wakaifananisha Lamu na Kathmandu. Waliwaudhi wazee kwa mavazi yao, lakini waliacha fedha kidogo na sifa nyingi. Makumbusho ya Lamu yalifunguliwa mwaka 1971. Msanifu majengo Usam Ghaidan aliuchunguza mji nyumba kwa nyumba na kuchapisha matokeo yake mwaka 1975. Mji Mkongwe ukapewa hifadhi ya kisheria mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Sera hizo zilihifadhi mawe vizuri zaidi kuliko zilivyohifadhi Kiamu, lahaja iliyobeba sehemu kubwa ya ushairi mkongwe wa Kiswahili. Jiwe hupigwa picha, lahaja haipigwi. Wageni matajiri walianza kununua majumba Shela, wakiwemo watu wa koo za kifalme za Ulaya, na serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982, njia moja zaidi ya kuishi bila mtalii ilifungwa.

Kuna msafiri mwingine ambaye takwimu za utalii humsahau. Kila mwaka katika Mfungo Sita mji hufurika mahujaji wa Maulidi, desturi iliyokuzwa na Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, na msikiti wake wa Riyadha. Watu hutoka Mombasa, Tanga, Unguja, Komoro na Uganda. Hulala nyumbani kwa jamaa, hula biriani ya wengi, na hawaji kutafuta ukimya. Huja kutafuta matari, kasida na msongamano wa waumini. Mipango ya utalii wa kisiwa ingeanza na watu hawa ingekuwa na mgeni asiyeyumbishwa upesi na tahadhari za balozi.

Tahadhari hizo zilikuja mwaka 2011. Mwezi Septemba mtalii Mwingereza aliuawa na mkewe akatekwa karibu na Kiwayu. Tarehe 1 Oktoba mwanamke Mfaransa alitekwa kisiwani Manda, akafia mikononi mwa watekaji. Katikati ya mwezi huohuo jeshi la Kenya liliingia Somalia. Serikali za Ulaya ziliwaonya raia wao, vyumba vikabaki vitupu, na manahodha, wapishi na wenye punda wakakosa kazi. Utulivu ulikuwa umezidi kipimo.

Wakati huo Juba ilikuwa na shida yake. Januari 2012 Sudan Kusini, nchi changa ya miezi sita, ilisitisha uzalishaji wa mapipa yapatayo 350,000 ya mafuta kwa siku kutokana na mgogoro na Khartoum kuhusu ushuru wa bomba. Haikuwa na njia nyingine ya kufika baharini. Tarehe 2 Machi 2012 Marais Mwai Kibaki na Salva Kiir pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi walizindua ujenzi wa bandari ya Lamu, iliyopangwa kuwa na gati 32. Kwa Juba, Lamu ilikuwa njia ya kujitoa katika kitanzi cha jirani. Kwa wavuvi wa Amu, ilikuwa matingatinga yakiikata mikoko ya Kililana.

Kisha Desemba 2013 mapigano yalizuka katika kambi za jeshi za Juba, yakaenea hadi makao makuu ya Bilpam. Jina hilo lenyewe ni msafiri: Bilpam ya kwanza ilikuwa kambi ya wapiganaji wa SPLA nchini Ethiopia katika miaka ya 1980, na walipoingia Juba walikuja na jina lao. Siku zile risasi za Bilpam zilisikika kama jambo la Sudan Kusini pekee, lakini ziliamua mengi kuhusu Lamu. Uzalishaji wa mafuta ulianguka na hoja ya bomba ikadhoofika. Juni 2014 mashambulizi ya Mpeketoni yaliua zaidi ya watu 60, na marufuku ya kutembea usiku ikawazuia wavuvi wa Lamu kuvua. Mwaka 2016 Uganda ilichagua kupitisha bomba lake Tanga.

Hivyo kisiwa kilibebeshwa gharama za bandari kabla ya kupata mizigo yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, ikiona kwamba haki zao za mazingira, utamaduni na kupata taarifa zilikiukwa. Mwaka 2019 baraza la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa jirani. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Bomba la Juba halijajengwa. Mafuta yanaendelea kutegemea Sudan, ambako bomba liliharibika Februari 2024 katikati ya vita na kuikosesha Juba sehemu kubwa ya mapato yake. Kila dharura ya namna hiyo huifufua Lamu katika mazungumzo ya Juba.

Katika mazungumzo hayo hukumu ya Malindi inastahili uzito uleule wa makadirio ya mapipa. Wakazi walinyimwa taarifa, na taarifa ina lugha yake. Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2016, na maelfu ya raia wake, askari miongoni mwao, walijifunza Kiswahili uhamishoni Kenya na Uganda. Ofisa wa Bilpam aliyekulia Kakuma na mvuvi wa Kililana wanaweza kusikilizana bila mkalimani. Tathmini yoyote mpya ya bomba inaweza kuandikwa kwa Kiswahili tangu rasimu ya kwanza na kusomwa barazani Amu, alasiri, wakati watu wanapobarizi, kabla ya mkandarasi yeyote kupewa saini.