A4 ilitoka wapi? Historia ya karatasi inayopokea dosie zetu zote

Katika bahasha ya familia iliyokimbia vita, ni vigumu kukuta makaratasi yote yana kipimo kimoja. Kuna cheti cha kuzaliwa cha mtoto, buleteni za shule, kadi ya uchaguzi, jetoni ya msaada, na karatasi ya kiwanja iliyokunjwa mara nne. Siku biro inapoomba dosie, yote hayo yanapaswa kuingia kwenye karatasi moja: A4, ile ambayo wengi kwetu wanaiita duplikateri. Hapo ndipo hatari inapoanza. Fotokopi ikikata upande wa chini, kinachopotea ni sahihi na muhuri, na dosie inarudishwa. Tuangalie A4 ilitoka wapi, sababu historia yake inaonyesha namna ya kupunguza karatasi bila kuikata.

Barua ya mwaka 1786

Zamani kule Ulaya, vipimo vya karatasi vilikuwa vingi, vikibadilika toka inchi hadi inchi. Tarehe 25 Oktoba 1786, Georg Christoph Lichtenberg, profesa wa fizikia huko Göttingen, Ujerumani, alimwandikia mwenzake Johann Beckmann. Alimweleza kwamba kijana mmoja Mwingereza aliyekuwa akimfundisha hesabu alipewa kazi hii: atafute karatasi ambayo ukiikunja katikati, nusu yake inabaki na umbo lile lile la karatasi nzima.

Jibu ni moja tu: urefu uwe upana mara 1.414 hivi. Karatasi yenye umbo lingine ukiikunja, nusu inatoka nyembamba zaidi au nene zaidi kuliko nzima.

Ufaransa ilitumia wazo hilo mapema. Sheria ya tarehe 3 Novemba 1798, iliyohusu kodi ya karatasi zenye muhuri wa serikali, iliweka vipimo vyenye umbo hilo. Kimojawapo ni sawasawa na kile tunachokiita leo A3. Lakini mpango ule haukuenea.

Ujerumani, 1922

Miaka zaidi ya mia moja ikapita. Mwaka 1911, Wilhelm Ostwald, aliyepata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1909, alipendekeza vipimo vya dunia nzima vyenye umbo lile, akianzia kwenye sentimita 1. Aliyekuwa msaidizi wake, Walter Porstmann, alichukua njia nyingine: alianzia kwenye karatasi kubwa yenye eneo la mita moja ya mraba. Tarehe 18 Agosti 1922 vipimo vyake vikatangazwa Ujerumani kwa jina la DIN 476.

Karatasi ile kubwa ni A0, milimita 841 kwa 1189. Ikatwe katikati, ni A1. Tena, A2. Tena, A3. Mara ya nne unapata A4, milimita 210 kwa 297. Basi A4 kumi na sita zinafanya mita moja ya mraba. Ndiyo sababu karatasi ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na pakiti ya karatasi 500 ina kilo mbili na nusu.

Ubelgiji, iliyokuwa ikitawala Kongo wakati ule, ilipokea vipimo hivyo mwaka 1924. Mwaka 1975 vikawa vya kimataifa kwa jina la ISO 216. Marekani na Kanada zilibaki na karatasi yao ya milimita 216 kwa 279, fupi kidogo na pana kidogo kuliko A4. Kwa hiyo fomu iliyotayarishwa kule inaweza kukatwa pembeni ikichapwa huku.

Mashini na namba zake

Mashini ya fotokopi ilikuja baadaye. Chester Carlson alipata kopi yake ya kwanza tarehe 22 Oktoba 1938 huko New York, na mwaka 1959 ikatoka mashini ya Xerox 914. Ile ilitoa kopi yenye ukubwa ule ule wa asili. Mashini za leo zinapunguza na kuongeza, na namba zake zinatoka kwenye hesabu ya Lichtenberg.

A3 kuingia A4, namba ni 71%. Hakuna kinachokatwa, wala hakuna nafasi inayobaki bure, kwa sababu umbo ni moja. Kurudi kutoka A4 kwenda A3 ni 141%.

Makaratasi marefu ya zamani, yenye milimita 330 hivi, hayana umbo la A4. Ukiyapiga kopi jinsi yalivyo, zaidi ya sentimita tatu zinabaki nje. Omba 90%, au pungufu kidogo ikiwa maandishi yanafika ukingoni.

Kadi ya uchaguzi isipunguzwe. Ipigwe kwa 100%, mbele na nyuma kwenye karatasi moja.

Kama makaratasi yamepigwa picha kwa simu, shika simu sawasawa juu ya karatasi. Ukiiinamisha, umbo linaharibika na hakuna namba itakayolirudisha. Wakati wa kuchapa, mwambie mtu wa mashini achague “Ajuster”, asiache “Taille réelle”, ili kila ukurasa uingie mzima.

Angalia mchoro wa kiwanja

Hapa kuna jambo moja kubwa. Mchoro wa kiwanja una skeli. Kwenye mchoro wa 1/500, sentimita moja ni mita 5 za ardhi. Ukiupunguza kwa 71%, sentimita moja inakuwa mita 7 hivi, lakini kopi bado inasema 1/500. Mtu akipima kwa rula kwenye kopi ile, kiwanja chenu kinaonekana kidogo kuliko kilivyo. Kwa familia iliyo mbali na shamba lake, hilo linaweza kuzaa mabishano siku ya kurudi. Andika juu ya kopi: “imepunguzwa 71%”. Na kama mchoro una mita zilizoandikwa kwa namba, hakikisha zinasomeka, sababu namba zile hazibadiliki hata kopi ikiwa ndogo.

Kabla ya kulipa, angalia pembe nne za kila kopi: muhuri upo, sahihi ipo, tarehe ipo. Kisha fungua kifuniko cha mashini, hakikisha karatasi ya asili haikubaki pale.