Mgodi Bila Wachimbaji: Kusoma Vitabu vya Katuni kwa Macho ya Mtu wa Katanga

Katika likizo iliyopita nilisoma vitabu vitatu vya katuni vinavyohusu mashujaa wenye nguvu za ajabu barani Afrika. Mimi ni mpenzi wa vitabu hivi tangu utotoni, na sioni haya kulisema hilo mbele ya walimu wangu. Hata hivyo, katika insha hii sitaeleza tu yaliyonifurahisha. Nataka kuonyesha kwamba vitabu hivyo, vikisomwa kwa kufuata miaka vilipotoka, ni chanzo cha historia, na kwamba vyote vitatu vinazunguka kitu kimoja ambacho sisi wenyeji wa Katanga tunakijua vizuri, yaani mgodi. Swali langu ni moja: katika hadithi hizi, nani anachimba?

Kitabu cha kwanza ni All-Negro Comics, kilichotolewa Philadelphia, Marekani, mwaka 1947. Mchapishaji wake alikuwa Orrin C. Evans, mwandishi wa habari Mmarekani mweusi. Gazeti alilokuwa akiliandikia, Philadelphia Record, lilifungwa mwaka huohuo. Evans akakusanya wachoraji weusi watupu, akatoa kitabu kwa bei ya senti 15, wakati vitabu vingi vya aina hiyo viliuzwa senti 10. Lilitoka toleo moja tu. La pili lilikuwa limeandaliwa, lakini Evans alishindwa kupata karatasi ya kulichapia.

Katika toleo hilo kuna shujaa anayeitwa Lion Man. Ni mwanasayansi kijana, mweusi, mzaliwa wa Marekani, aliyetumwa na Umoja wa Mataifa kwenda Gold Coast, yaani Ghana ya leo, kulinda mlima wenye urani nyingi kuliko mahali pengine popote duniani. Maadui wanautaka mlima huo ili watengeneze bomu. Tukumbuke mwaka wenyewe. Hiroshima ilikuwa imepigwa tarehe 6 Agosti 1945, na msomaji wa 1947 alikuwa bado analisikia neno urani kwa hofu. Evans na wenzake walitaka kumpa mtoto mweusi wa Marekani shujaa msomi, anayeaminiwa kulinda kitu kinachoweza kuiangamiza dunia. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa, na ninawaheshimu kwa kulithubutu.

Lakini mlima wenye urani kweli ulikuwa kwetu. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, mji ambao wakati wa ukoloni uliitwa Jadotville. Mgodi ulikuwa mali ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alisafirisha tani zaidi ya 1,000 za mawe hayo hadi New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Mawe hayo hayakujichimba. Watu wa Katanga waliyachimba, wakayachambua kwa mikono, wakayapakia. Katika hadithi ya Lion Man mlima upo, mlinzi yupo, mwizi yupo. Mchimbaji hayupo.

Kitabu cha pili ni matoleo mawili ya Fantastic Four, namba 52 na 53, ya mwaka 1966, yaliyoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Jack Kirby. Humo ndimo alimozaliwa Black Panther, yaani T'Challa, mfalme wa Wakanda. Nchi hii ya kubuni ina madini yanayoitwa vibraniamu, ambayo yananyonya mtetemo na sauti. Mzungu aitwaye Klaw alikuja kuyapora akamuua mfalme T'Chaka, na mtoto wake T'Challa, akiwa bado kijana, akamfukuza. Alipokua akaifanya nchi yake kuwa na mitambo inayowashangaza hata Wamarekani waliomtembelea.

Ukisoma kurasa hizo leo unaelewa kwa nini watu walizipenda. Mwaka 1966 nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimepata uhuru, na Wamarekani weusi walikuwa katikati ya mapambano ya haki zao. Mfalme Mwafrika aliyemshinda mporaji na kubaki na mali yake alikuwa jibu la ndoto za wengi. Kwetu Kongo suala hilohilo lilikuwa halijaisha. Tulikuwa tumepata uhuru mwaka 1960, Katanga ikajitenga mwezi wa Julai mwaka huohuo uhuru ulipokuwa na siku chache tu, na hadi mwisho wa 1966 serikali ilikuwa ikivutana na Union Minière juu ya nani mwenye shaba. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu iliichukua mali ya kampuni hiyo nchini, na kampuni ya taifa iliyozaliwa humo ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines. Sidai kwamba Lee na Kirby walikuwa wakiifikiria Katanga. Ninachosema ni kwamba hadithi yao ilijibu nusu tu ya swali la zama zile. Ilisema madini yawe ya nani: ya mfalme mwema, si ya mgeni mwovu. Haikusema nani anashuka shimoni, kwa mshahara gani, na anarudi vipi nyumbani jioni.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja aliniambia kwamba ninadai mengi mno kwa kitabu cha watoto. Hoja yake ina uzito. Hadithi ya kurasa 20 haiwezi kubeba kila kitu, na mchoraji anafuata mapigano kwa sababu ndiyo yanayouza. Lakini tunapofundishwa kusoma ripoti za wakoloni, tunaambiwa tuangalie pia yaliyonyamaziwa. Kimya cha mwandishi kinatuonyesha jambo ambalo yeye na wasomaji wake waliona halihitaji kuulizwa. Kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa mchimbaji.

Kitabu cha tatu ndicho kilichonifanya niandike insha hii. Mwaka 2016, miaka 50 baada ya toleo lile la kwanza, mwandishi Mmarekani mweusi Ta-Nehisi Coates alianza mfululizo mpya wa Black Panther, na mchoraji Brian Stelfreeze. Ramani yake inaiweka Wakanda kando ya Ziwa Victoria, kwa majirani zetu. Hadithi inaanzia mgodini. T'Challa amekwenda kuwasifu wachimbaji wa vibraniamu, nao wanamgeukia kwa hasira. Askari wa mfalme wanawafyatulia risasi wananchi wao. Niliposoma kurasa hizo nilisimama kwa muda, maana kwetu picha hiyo si ya kubuni.

Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Vita vilikuwa vimepandisha bei za vitu, kazi ilikuwa imeongezwa, na mshahara haukutosha. Tarehe 9 walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, yaani Lubumbashi, na askari wakawafyatulia risasi. Walikufa makumi ya watu. Mmoja wao alikuwa Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake. Ulikuwa mwaka mmoja baada ya urani ya Shinkolobwe kuvuka bahari.

Hapo ndipo ninapompongeza Coates na pia kumdai. Ninampongeza kwa sababu amekataa kutuambia kwamba mfalme akiwa mweusi basi mchimbaji ameridhika. Mwishoni mwa sehemu hiyo ya hadithi T'Challa analazimika kukubali katiba na kugawana mamlaka na watu wake, na jambo hilo lina ukweli kuliko mapigano yote yaliyotangulia. Lakini ninamdai kwa sababu hasira ya wachimbaji inawashwa na mwanamke mwenye nguvu za ajabu, Zenzi. Coates anajitetea kwamba Zenzi haipandikizi hasira, anaifunua tu. Hata hivyo, sisi tunajua kwamba watawala hupenda kutafuta mchochezi kila wafanyakazi wanapodai haki. Mgomo wa 1941 haukuhitaji uchawi. Ulihitaji bei ya unga na mshahara usiolingana nayo. Tena wachimbaji wa Coates wamekuwa umati, wakati Mpoyi alikuwa mtu mwenye jina.

Kwa kuhitimisha, vitabu hivi vitatu vinaonyesha safari ya fikra. Mwaka 1947 Mwafrika analindiwa madini na shujaa kutoka ng'ambo. Mwaka 1966 anayalinda mwenyewe, akiwa mfalme. Mwaka 2016 hatimaye tunamwona anayeyachimba, naye anakutana na risasi. Hatua inayofuata hatuwezi kuwaachia waandishi wa Marekani. Kongo ina wachoraji hodari wa katuni, na Kiswahili ndiyo lugha iliyosemwa katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière. Wazee waliokulia katika kambi hizo wanapungua kila mwaka. Wanafunzi wenzangu, tukiwasikiliza na kuandika majina yao kwa lugha hiyohiyo, atakayechora mgodi kesho hatakuwa na sababu ya kuuacha bila watu.