Maruweruwe ya Sauti

Maruweruwe ya sauti ni hali ya mtu kusikia sauti isiyo na chanzo nje yake, akaisikia waziwazi kama anavyosikia sauti nyingine yoyote. Mtu yuko jikoni anachambua mchele, anasikia anaitwa jina kutoka uani. Anaitika "Abee!", anatoka, na mama mkwe anamwambia, "Sijakuita, mwanangu." Anashangaa kidogo, anarudi jikoni, na jioni ameshasahau. Kwa mwingine mambo hayaishii hapo. Sauti inamwita kila siku, inamtukana, inamwamrisha, hata anaogopa kulala. Watu hawa wawili wametofautiana sana, lakini elimu ya akili inalitaja lililowapata kwa istilahi moja. Inafaa tujue istilahi hiyo inabeba nini, Kiswahili kinaielezaje, na kwa nini namna tunavyoitumia inaweza kumsogeza mtu kwenye msaada au kumfungia mlango.

Jina la kimataifa, ambalo baadhi ya waandishi wetu huliandika halusinesheni, limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya akili kutangatanga. Daktari Mfaransa Jean-Étienne Esquirol ndiye aliyelipa maana yake ya kitaalamu. Katika kitabu chake cha mwaka 1838 kuhusu magonjwa ya akili, alieleza kwamba ni mtu kuwa na yakini ya kuhisi jambo sasa hivi, ilhali hakuna kitu cha nje kilichozifikia hisi zake. Maelezo hayo yana nguzo mbili: yakini ya anayehisi, na kukosekana kwa chanzo cha nje. Nguzo ya kwanza husahaulika kirahisi. Anayesikia sauti hajifanyi wala hatungi uongo. Amesikia.

Kiswahili hakikukosa maneno ya jirani na jambo hili. Tunalo neno maruweruwe, ambalo wengi hulitamka maluweluwe, kwa maana ya kuona visivyokuwapo au kuona vitu kwa ukungu kwa sababu ya njaa, homa au uchovu. Tunazo njozi, zinazomjia mtu usingizini au zinazohesabiwa kuwa ufunuo. Tunayo mazigazi, yale maji yanayometameta barabarani wakati wa jua kali, ambayo wengine huyaita sarabi. Tunacho pia kitenzi kuweweseka, cha mtu anayesemasema usingizini au katika homa. Ukiyapanga pamoja unaona kwamba jicho ndilo lililopewa nafasi: tunasema kuona maruweruwe, kuona njozi, kuona mazigazi. Sikio halikupewa neno lake, na mgonjwa analazimika kueleza kwa sentensi nzima: "Nasikia watu wananisemesha, lakini siwaoni."

Kati ya maneno hayo, maruweruwe ndilo linalofaa kubeba istilahi, kwa sababu mbili. Kwanza, halimhukumu mtu. Aliyeshinda na njaa akasema anaona maruweruwe hakuna anayemwita mwendawazimu. Anaambiwa aketi, anapewa uji. Neno lenyewe halisemi kwamba ni jini, wala kwamba ni kichaa, wala kwamba ni malaika. Linataja kilichotokea na kuishia hapo. Pili, linakubali kugawanywa: maruweruwe ya macho, ya harufu, ya ngozi, na haya ya sauti tunayoyazungumzia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiseme maruweruwe ya kusikia. Jibu limo katika kitenzi chenyewe. Mswahili husikia sauti, lakini pia husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa na maumivu. Istilahi inayotegemea kitenzi kipana namna hiyo itamwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Neno sauti linakata shaka. Nalo lina upana wake, kwa kuwa sauti ni ya mtu, ya mlango na ya ngoma, lakini upana huo unahitajika: wapo wanaosikia hodi, wapo wanaosikia hatua za mtu darini au simu ikilia, na wapo wanaosikia wimbo mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zinapokuwa na maneno, tunaweza kuziita sauti zisemazo, maana daktari anahitaji kujua kama sauti zinasema, na zinasema nini.

Sasa mipaka. Mazigazi ya barabarani yana chanzo cha kweli: mwanga wa anga unapindwa na hewa ya moto iliyo juu ya lami, na jicho linausoma kuwa maji. Sikio nalo lina mazigazi yake. Mama aliyejifungua karibuni yuko bafuni anaoga, na katika mvumo wa maji anasikia kichanga chake kinalia. Anafunga bomba, anatega sikio, kimya. Maji yalikuwapo na yalikuwa yanavuma. Akili yake imeyasoma kuwa kilio. Huko ni kukisikia kilichopo kwa namna isiyo yake. Maruweruwe ni kusikia pasipo na kitu cha kusikiwa.

Mpaka wa pili ni ule mlio mwembamba unaobaki masikioni baada ya ngoma kubwa au kwa sababu ya ugonjwa wa sikio. Huo hauna neno wala wimbo, na daktari wa masikio ndiye anayeuchunguza. Mpaka wa tatu ni kujisemea moyoni. Kila mmoja wetu hujisemea moyoni, hujikumbusha na hujilaumu, lakini anajua msemaji ni yeye mwenyewe. Mpaka wa nne ni dhana potofu isiyotikisika. Anayesikia sauti ya jirani ikitoka ukutani ana maruweruwe. Anayeshikilia kwamba jirani huyo amemtegea mtambo ili amsome mawazo ana dhana potofu. Mara nyingi la kwanza huzaa la pili, kwa sababu binadamu hawezi kusikia jambo zito namna hiyo asilitafutie maelezo.

Wanaoyapata maruweruwe haya ni wengi kuliko tunavyodhani. Huko Uingereza, ripoti iliyochapishwa mwaka 1894 ilikusanya majibu ya watu 17,000 walioulizwa kama wamewahi, wakiwa macho kabisa, kuona kitu, kuguswa au kusikia sauti bila sababu yoyote ya nje. Karibu mmoja katika kila kumi alisema ndiyo. Uchunguzi mwingine wa nchi hiyohiyo, uliowahoji watu wasiopungua 4,900 na kuchapishwa mwaka 1996, ulikuta kwamba asilimia 37 hupata maruweruwe ya aina moja au nyingine wanapopitiwa na usingizi, na zaidi ya asilimia 12 wanapozinduka. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya watu 31,261 kutoka nchi 18, na asilimia 5.2 walikuwa wamewahi kupata maruweruwe angalau mara moja maishani, nje ya usingizi, ndoto au ulevi. Dar es Salaam nayo imepimwa: katika utafiti wa watu wazima 899 uliochapishwa mwaka 2010, asilimia 3.9 walieleza kupata, ndani ya mwaka uliotangulia, dalili moja au zaidi katika kundi ambalo kusikia sauti ni mojawapo.

Kundi moja linastahili kutazamwa kwa makini, nalo ni waliofiwa. Mwaka 1971 daktari W. Dewi Rees alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na wajane na wagane 293 wa Wales ya kati. Karibu nusu yao waliwahi kumhisi marehemu karibu nao, kumwona au kumsikia, na zaidi ya mmoja katika kila kumi aliisikia sauti yake. Wengi wao walisema jambo hilo liliwafariji. Wengi wao pia hawakuwa wamemwambia mtu yeyote kabla daktari huyo hajawauliza. Hapo pana funzo kubwa. Watu walipata faraja, wakaificha, pengine kwa kuogopa jina ambalo wangepewa.

Sababu za maruweruwe ya sauti hazijaelezwa zote, lakini njia kadhaa zinajulikana vizuri. Ya kwanza ni matarajio. Ubongo haupokei tu kinachoingia sikioni. Unakisia kitakachofuata na kuulinganisha ukisiaji wake na kinachofika. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001 huko Uholanzi, wanafunzi waliusikiliza wimbo wa Krismasi uitwao White Christmas, kisha wakasikilizishwa mvumo mtupu na kuambiwa kwamba huenda wimbo huo umefichwa ndani yake. Haukuwamo. Hata hivyo karibu theluthi yao walisema wameusikia. Aliyefiwa na mume waliyekaa naye miaka arobaini amezoea kuusikia mlango ukifunguliwa magharibi na salamu ikifuata. Ubongo wake unaendelea kuisubiri salamu hiyo, na siku moja unamletea.

Njia ya pili inahusu usemi wa moyoni. Mwaka 1993 watafiti wa London walipima mtiririko wa damu katika ubongo wa wagonjwa waliokuwa wanasikia sauti wakati huohuo. Sehemu iliyochangamka zaidi ilikuwa ile inayotumika kutunga usemi. Maelezo yanayokubaliwa na watafiti wengi ni kwamba mtu anaposema, hata moyoni, ubongo huiarifu sehemu ya usikivu kwamba msemaji ni yeye. Taarifa hiyo isipofika sawasawa, maneno yake mwenyewe yanamjia kama ya mgeni. Njia ya tatu ni uhaba wa sauti. Baadhi ya wazee ambao masikio yao yamedhoofika husikia nyimbo walizoimba utotoni au kaswida za zamani, kwa kuwa sehemu ya usikivu iliyokosa kazi hujitengenezea yake. Mara nyingi wazee hawa akili zao ni timamu, na wengine hupata nafuu wanapopewa kifaa cha kusaidia kusikia.

Sauti husema kwa lugha ya jamii ya msikiaji. Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann wa Marekani, pamoja na wenzake, waliwahoji watu 60 wenye ugonjwa mkubwa wa akili, 20 kutoka kila mahali: San Mateo huko California, Accra nchini Ghana, na Chennai nchini India. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Wamarekani walizieleza sauti zao kama uvamizi uliojaa vitisho na damu. Wengi wa Accra walisema husikia sauti ya Mungu, nayo huwapa nguvu. Wengi wa Chennai walisikia ndugu zao wakiwahimiza waoge, wafanye kazi za nyumbani, au wakiwakaripia. Ugonjwa ulikuwa wa aina moja, lakini uhusiano wa mtu na sauti zake ulifinyangwa na malezi yake.

Kwetu hali hii mara nyingi hufika kwa shehe, mchungaji au mganga kabla haijafika kituo cha afya. Watu husema fulani ana jini, amerogwa, au ameitwa na Mungu. Istilahi ninayoitetea haimtaki mtu aitupe imani yake. Inasema kwamba mtu huyu amesikia na waliokaa naye hawakusikia. Maana ya alichosikia ni swali jingine, na dini ina haki ya kulizungumza. Lakini kiongozi wa dini mwenye neno lisilo na hukumu anaweza kumwombea mtu na papo hapo akamwambia aende hospitali, bila kuona kwamba moja linafuta jingine.

Kwenda hospitali ni lazima katika hali fulani. Sauti zinapomwamrisha mtu ajidhuru au amdhuru mwingine, asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyohiyo. Zinapoanza ghafla pamoja na homa na kuchanganyikiwa, huenda ni malaria kali au maambukizi ya ubongo. Zikimjia mnywaji mkubwa aliyeacha pombe ghafla, maisha yake yako hatarini. Kifafa, sonona kali, skizofrenia, kukosa usingizi kwa siku nyingi na baadhi ya dawa vyote huweza kuzileta, na kila kimoja kina tiba yake. Nje ya hayo kuna kipimo rahisi ambacho familia yoyote inaweza kukitumia: je, sauti zinamzuia kulala, kula, kufanya kazi, kuishi na watu?

Zipo dawa zinazozipunguza au kuzizima sauti, na kwa wengi ndizo zinazowarudishia maisha. Yapo pia mazungumzo. Mwaka 1987 daktari wa akili Marius Romme wa Uholanzi alitokea katika televisheni pamoja na mmoja wa wagonjwa wake, wakawaomba wanaosikia sauti wawasiliane nao. Mamia walipiga simu, na miongoni mwao walikuwamo waliosikia sauti kwa miaka bila kuhitaji matibabu. Kutokana na hatua hiyo viliibuka vikundi katika nchi nyingi, ambamo wanaosikia sauti hukaa pamoja na kuelezana wanavyozijibu, wanavyozipangia muda, na wanavyozikatalia.

Kwa hiyo neno tunalolichagua lina kazi ya kufanya. Mtu akiulizwa "Una wazimu?" atakana, na maradhi yataendelea kukua gizani. Akiulizwa "Unasikia sauti? Ni za nani? Zinakuambia nini? Zinakuogopesha?" atapata pa kuanzia. Napendekeza maruweruwe ya sauti yaingie katika vitabu vya wauguzi, katika vipindi vya redio vya afya na katika masomo ya walimu, na yafundishwe pamoja na maswali hayo manne. Mhudumu atakayeyajua yote mawili atakuwa na jina la kuandika kwenye jalada, na maneno ya kumwambia mgonjwa usoni bila kumvunjia heshima.